Muulize Mwalimu wa Muziki: Wimbo umeanza, mbona machozi yametangulia?

Mwezi uliopita niliandika aya chache kuhusu mtu anayesahau jina la jirani yake lakini hasahau hata neno moja la wimbo aliofundishwa darasa la pili. Nilidhani nimelimaliza. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja nyingi kuliko za somo lolote nililowahi kuligusa hapa, na ukizisoma vizuri haziulizii muziki, zinawaulizia watu. Nimechagua sita. Nyingine nimezipunguza, na wenyewe nimewaacha na majina waliyojipa.

Shikamoo Mwalimu. Baba yangu alifariki nikiwa na miaka 12, sasa nina 34. Juzi nilikuwa kwenye basi, dereva akawasha redio, wimbo ukaanza. Mwimbaji hajafungua hata mdomo, mimi tayari nalia, na sijui nalia nini. Baadaye ndipo nikamwona baba anapiga viatu rangi asubuhi ya Jumapili, amevaa shati la kijani, anafuatisha gitaa kwa mluzi. Nilipomsimulia kaka yangu alicheka, akasema baba hakuwahi kuwa na shati la kijani. Je, wimbo umenikumbusha au umenidanganya? Na kwa nini machozi yalitangulia?
— Binti wa Mpiga Mluzi

Marahaba, mwanangu, na pole.

Machozi yalitangulia kwa sababu sikio halikuwa na haja ya kumsubiri mwimbaji. Profesa Carol Krumhansl wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliwahi kuwasikilizisha watu vipande vya nyimbo zilizovuma, kila kipande kikiwa na urefu wa milisekunde 400, yaani haifiki nusu sekunde. Zaidi ya mara moja katika kila nne, wasikilizaji walitaja jina la wimbo pamoja na mwimbaji wake. Hata waliposhindwa kuutaja, majibu yao kuhusu hisia ya wimbo na mtindo wake yalikubaliana. Nusu sekunde haitoshi kubeba melodi. Kinachotambulika hapo ni sauti yenyewe ilivyo: gitaa lilivyorekodiwa, ngoma ilivyokazwa, mwangwi wa chumba cha studio. Hayo yote uliyasikia utotoni bila kujua kwamba unayasikia, na kwenye basi yalikufikia kabla hujapata nafasi ya kuuliza "huu wimbo gani?"

Picha ya baba ilichelewa kwa kuwa picha ina kazi ya kujengwa. Mwaka 2009 Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis aliwaingiza vijana kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, akawapigia vipande vya nyimbo zilizovuma walipokuwa wadogo. Wimbo ulipokuwa umefungamana na jambo la maisha ya mtu, sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ilichangamka zaidi. Na sehemu hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikiufuata wimbo unavyotoka ufunguo mmoja, yaani noti yake ya msingi, kwenda mwingine. Yaani mahali tunapofuatia muziki na mahali tunapokusanyia habari zetu wenyewe ni majirani wanaoingiliana milango. Sishangai kwamba redio ya dereva ilitoka na mzee wako.

Sasa tuje kwenye shati. Wimbo na asubuhi ile havikai kichwani kwa namna moja. Katika miaka ya 1990 mtafiti Daniel Levitin aliwaomba watu waimbe kutoka kichwani nyimbo wanazozipenda, bila kuwasikilizisha chochote kwanza. Wengi waliimba kwa kasi iliyokaribia mno ile ya rekodi, na si wachache walioangukia sauti ileile ya rekodi au jirani yake. Hiyo ni kwa sababu rekodi haibadiliki, na kila ukiisikia inakusahihisha. Jumapili ya baba yako haina rekodi. Kila ukiikumbuka unaijenga upya kwa vipande ulivyonavyo, na nguo ni kipande rahisi kubadilishwa. Labda shati la kijani lilikuwa la mjomba. Labda kaka yako ndiye aliyekosea, maana naye anajenga kama wewe.

Mimi nisingegombana naye kwa ajili ya shati. Mluzi ndio ninaouamini. Tafuta wimbo huo, usikilize gitaa peke yake, achana na mwimbaji. Ukikuta mwanya mahali ambapo gitaa linapanda na wewe mwenyewe ukajikuta unataka kupiga mluzi, basi ujue umeupata mstari aliokuwa akiufuata.

Ila usiusikilize kila siku. Ulikupata kwa nguvu kiasi kile kwa sababu miaka mingi ilipita bila kuusikia, kwa hiyo haukuwa umefungwa na kitu kingine chochote. Ukianza kuupiga kila jioni ukiosha vyombo, baada ya muda utakukumbusha kuosha vyombo.

Mwalimu, kuna kibwagizo cha tangazo kimekwama kichwani tangu Jumatatu. Nitolee.
— Nimechoka

Tafuna chingamu. Sitanii. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walilijaribu jambo hilo na kulichapisha mwaka 2015: waliotafuna walijiwa na wimbo uliokwama mara chache kuliko wasiotafuna. Tunapoimba kimoyomoyo tunatumia mitambo ileile ya kusemea, na taya likiwa na kazi nyingine, uimbaji huo unavurugika. Chingamu ikishindwa, litafute tangazo lenyewe ulisikilize mpaka tamati. Wanafunzi wangu waliokuwa wakisumbuliwa na kipande fulani, mara nyingi hawakujua kinamalizikaje.

Habari za kazi, Mwalimu. Mimi napiga gitaa, nilijifundisha mwenyewe. Kuna wimbo niliupenda tangu ujana, tena kabla sijamjua mke wangu. Tukaufanya wetu, tukaucheza siku ya harusi. Tumeachana. Sasa ukipigwa popote natoka nje, watu wanadhani naenda kuvuta sigara, na mimi sivuti. Yeye amechukua fenicha, sina neno. Wimbo ulikuwa wangu. Nifanyeje nirudishiwe?
— Mwenye Gitaa

Salama, kaka. Umenichekesha na umenihuzunisha kwa pamoja.

Zamani Waswisi wengi walikwenda kuwa askari wa kukodiwa katika majeshi ya nchi nyingine. Kulikuwa na wimbo wa wachungaji wa ng'ombe wa milimani kwao, na ilisimuliwa kwamba ulipigwa marufuku vikosini kwa adhabu ya kifo, kwa sababu waliousikia walilia, walitoroka, au walikufa kwa kutamani kwao. Mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau aliyaandika hayo katika kamusi yake ya muziki ya mwaka 1768, kisha akaongeza jambo ambalo hadi leo sijaona mtu aliyelisema vizuri zaidi: ukiuchunguza wimbo wenyewe huioni nguvu hiyo. Kwa mgeni haufanyi lolote. Nguvu yote inatoka kwenye mazoea ya anayesikia, ujana wake na raha zake za zamani, na uchungu wa kuwa amevipoteza.

Wimbo wako nao hauna kosa. Ulikuwepo tu. Na kwa kuwa fundo limefungwa kichwani mwako, hapohapo ndipo linapoweza kulegezwa. Mwaka 2000 Karim Nader na wenzake huko New York walifanya jaribio lililowashtua wanasayansi wa ubongo. Panya walikuwa wamefundishwa kuogopa mlio fulani. Walipokumbushwa mlio huo, na papo hapo wakachomwa dawa inayozuia ubongo kutengeneza protini katika amigdala, ile sehemu ndogo inayoshughulika na hofu, baadaye hofu yao ilipungua. Panya waliochomwa dawa bila kukumbushwa mlio walibaki na hofu yao kamili. Maana yake kumbukumbu ikiamshwa huwa laini kwa muda kabla haijakauka tena. Wewe si panya na mimi sina sindano, lakini somo lake mimi nimelitumia na waimbaji wangu: muda ambao wimbo umeamka ndio wakati wa kuupa kazi nyingine.

Kwa hiyo usianze na rekodi ile. Rekodi imebeba ukumbi mzima, nguo yake, marashi yake na mjomba wake aliyekanyaga shela. Gitaa lako halijabeba hayo. Anza na mstari wa besi peke yake, polepole, usiguse melodi. Ukishauzoea, hamisha ufunguo: kama rekodi iko kwenye G, wewe pigia C. Vidole vitalazimika kufikiri, na kichwa kinachotafuta kodi za gitaa hakina nafasi kubwa ya kutafuta mtu. Halafu, na hapa nasisitiza, mfundishe mtu mwingine. Tafuta kijana anayeanza gitaa, mfundishe wimbo huo hadi auweze. Ukisikia mtu anakosea kodi ya tatu kila siku, hasira yako itapata mahali pengine pa kwenda.

Hii huchukua muda, na kuna nyimbo ambazo zinataka miaka. Ikishindikana sasa, uweke, ujaribu tena ukiwa mtu mwingine kidogo. Wala usiufanyie mazoezi usiku ukiwa peke yako na chupa.

Nawaambia na wengine wanaosoma: haya ni ya huzuni ya kawaida. Kama wimbo unakurudisha kwenye kipigo, vita, au jambo ulilofanyiwa kwa nguvu, usijifanyie majaribio nyumbani. Nenda kwa mshauri aliyesomea, na umwambie wimbo gani.

Shikamoo Mwalimu. Bibi yangu ana miaka 81 na ana ugonjwa wa Alzheimer. Mimi ndiye ninayelala naye. Kunijua hanijui, ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Lakini jioni nikimwekea nyimbo za kwaya, anaimba. Tatizo anaimba vibaya. Maneno ni yenyewe kabisa, ila tuni ni ya kwake, iko chini na haifanani na wimbo. Zamani alikuwa mwanakwaya anayesifiwa. Mjomba anasema nizime kwa sababu namwaibisha bibi. Je, muziki unamsaidia au ninamsumbua? Na kwa nini wimbo ubaki, mimi nisahaulike?
— Mjukuu wa Jioni

Marahaba, mjukuu wangu. Kabla hujasoma zaidi, mtafute mtu anayeujua wimbo mmojawapo vizuri. Aimbe sauti ya kwanza, na bibi umwache aimbe hiyo "tuni ya kwake". Kisha sikiliza zikiwa pamoja.

Karibu nina hakika kwamba bibi yako haimbi vibaya. Anaimba sauti ya pili.

Asiyewahi kusimama kwenye kwaya anadhani wimbo ni ile melodi inayobebwa na sauti ya kwanza. Mwimbaji wa sauti ya pili hajapewa melodi. Amepewa mstari wa chini yake, ambao mara nyingi unakaa kwenye noti tatu au nne zilizo jirani, unarudia noti moja silabi nzima nzima, halafu unashuka mahali ambapo wimbo unapanda. Ukiusikia peke yake utadhani mtu amepotea. Lakini aliyeuimba miaka na miaka, akiwa amesimama kati ya wenzake wa sauti ya pili, huo ndio wimbo wake. Nina mwanafunzi wa zamani, sasa ana mvi, ambaye kila tukikutana hanisalimii kwanza, ananiimbia besi. Watu waliopo karibu hawajui ni wimbo gani. Mimi huujua kwenye noti ya tatu, na humjibu kwa sauti ya tatu, tukawa kichekesho cha barabara.

Kwa hiyo mwambie mjomba asizime. Kama ana sauti nzito, aimbe besi.

Sasa swali lako gumu. Katika ugonjwa wa Alzheimer, kwa kawaida uharibifu huanzia kwenye hipokampasi na maeneo yanayoizunguka, ndani ya pande za ubongo karibu na masikio. Hayo ndiyo yanayosajili mambo mapya na kuyafunga pamoja: sura hii, jina hili, jana, hapa. Wimbo wa siku nyingi unakaa kwa utaratibu mwingine. Mwaka 2015 watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walitafuta kwanza, kwa vijana wenye afya, ni sehemu gani za ubongo zinazoshughulika mtu anaposikia wimbo anaoujua tangu zamani. Kisha wakazitazama sehemu hizo kwa wagonjwa wa Alzheimer. Walikuta ni miongoni mwa sehemu zilizosinyaa kidogo kuliko nyingine zote. Ziko juu katikati ya ubongo, na zinahusika pia na kupanga mienendo ya mwili. Jambo hilo linanipa maana sana, kwa sababu kuimba ni mwendo: pumzi, koo, ulimi, bega linalopanda kabla ya ubeti.

Kuna mfano mwingine unaojulikana sana. Clive Wearing, mwanamuziki wa Uingereza, aliugua mwaka 1985. Virusi vilishambulia ubongo wake, na tangu hapo kumbukumbu yake ya jambo jipya imedumu sekunde chache tu. Mkewe akitoka chumbani na kurudi muda uleule, alimpokea kama mtu aliyepotelewa naye kwa miaka. Lakini mkalishe kwenye piano na nota mbele yake, anapiga. Mweke mbele ya kwaya, anaimbisha. Sekunde moja ya muziki ilimpeleka kwenye inayofuata, akaenda nayo hadi mwisho.

Hukusahaulika kwa sababu wimbo ulipendwa kuliko wewe. Wewe ulikuja katika maisha yake baadaye, na ugonjwa uliuma kwanza mahali ulipokuwa umeandikwa. Na hilo jina la dada yake, hebu muulize mjomba: je, walipokuwa wasichana, si dada huyo ndiye aliyekuwa akilala naye chumba kimoja?

Haya, kazi yenyewe. Hesabu mwaka aliozaliwa bibi, kisha tafuta nyimbo alizokutana nazo akiwa na umri kati ya miaka 10 na 30. Huko ndiko watu wengi wanakokuwa na kumbukumbu nyingi kuliko kipindi kingine cha maisha. Waulize wazee wenzake waliobaki, na uwaulize sasa, kwa sababu nao wanaondoka. Uliza pia alikuwa akisimama sauti gani, pengine utapata jibu bila hata kufanya lile jaribio langu.

Zima televisheni kabla ya kuimba, maana kichwa chake hakiwezi tena kuchambua sauti mbili. Wimbo mmoja, halafu kimya, halafu mwingine. Usimwachie vipokea sauti masikioni mchana kutwa kwa kuwa amenyamaza. Kunyamaza si lazima iwe raha. Na tafadhali, usimfanyie mtihani. Watu wakiona mgonjwa ameanza kuimba, huanza: "Bibi, unaukumbuka huu? Uliuimba wapi? Mimi nani?" Kila swali hapo ni mlango uliofungwa unaombamiza nao usoni. Imba naye tu. Sauti yako mwenyewe, hata kama mbovu, ina faida ambayo rekodi haina: inaweza kumsubiri akikosa pumzi.

Jaribu kuimba kabla ya mambo yanayomtia hofu, kama kuogeshwa au kuvalishwa. Walezi wengi wamegundua kwamba mwili unaofuata wimbo unapigana kidogo. Akilia, usikimbilie kubadilisha. Kaa naye, mshike mkono, mtazame. Kuna kulia kunakopita na kumwacha ametulia. Lakini akianza kuhangaika, kuvuta nguo, kutafuta mlango, acha wimbo huo na uuandike kwenye karatasi ili na mjomba asiuweke.

Ugonjwa hautarudi nyuma kwa muziki. Atakayekwambia hivyo anakuuzia kitu. Utapata utulivu wa muda, pengine mazungumzo machache yenye mpangilio baada ya kuimba, kisha yatakwisha, na kesho mtaanza tena. Nikikujibu kwa ukweli, mimi naona hayo si madogo, na nakupongeza kwa kulala naye.

Mwalimu, nina miaka 20. Nyimbo zilizovuma wazazi wangu walipokuwa vijana zinanitia huzuni tamu, kama nimezikumbuka siku zile, na mimi sikuwepo. Ni akili yangu au?
— Nilichelewa Kuzaliwa

Ni malezi yako. Yule Krumhansl niliyemtaja juu, akiwa na Justin Zupnick, alichapisha mwaka 2013 utafiti uliofanyika kwa vijana wa rika lako hasa. Waliwasikilizisha nyimbo zilizovuma Marekani tangu 1955 hadi 2009. Walitarajia vijana waguswe zaidi na nyimbo za wakati wao, na ndivyo ilivyokuwa. Ila mchoro wa majibu yao ulipanda tena kwenye nyimbo za wakati ambao wazazi wao walikuwa vijana, na ukapanda pia kwenye za miaka ya 1960, ambazo huenda ziliwafikia kupitia babu na bibi zao. Wazazi hupiga walichopenda, mtoto yupo sakafuni anacheza, na zinamwingia zikiwa zimechanganyika na sauti ya mama anayeziimba akipita. Wewe hukumbuki ujana wao. Unakumbuka utoto wako, na nyuso zao zilivyobadilika wimbo ulipoanza.

Pengine ni mapema zaidi ya hapo. Watafiti wa Helsinki waliwaomba wajawazito wapige wimbo uleule wa watoto mara nyingi katika miezi ya mwisho ya ujauzito. Ubongo wa watoto hao uliitikia tofauti wimbo huo walipozaliwa, na tofauti ilionekana bado walipofikisha miezi 4. Kwa hiyo jina lako la uandishi silikubali. Huenda ulifika kabla ya muda.

Mwalimu, sisi ni watoto watatu. Katika vitu vya marehemu mama tumekuta kaseti aliyojirekodi akiimba nyimbo za kutubembelezea. Tulipoijaribu, sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto, na dada akasema huyo si mama. Tena mkanda umeanza kukwaruza. Mdogo wetu anaicheza kila siku. Sasa tunagombana nani akae nayo.
— Kifungua Mimba

Mwambie mdogo wenu aache leo hii. Kila kaseti inapozunguka, mkanda unasugua kichwa cha mashine, na mashine ya zamani yenye gurudumu la mpira lililochakaa inaweza kuutafuna kwa sekunde moja.

Kuhusu sauti, nina dhana: mama alitumia redio ya betri, na betri zilikuwa zimechoka. Betri zikichoka mkanda hupita polepole wakati wa kurekodi. Ukija kuuchezesha kwenye mashine yenye nguvu kamili, kila kitu kinakwenda mbio na sauti inapanda. Hilo hurekebishwa kwenye kompyuta kwa kushusha kasi kidogo kidogo. Mketi watatu, dada awe ndiye wa kusema "hapo." Aliyesema si mama ndiye mwenye sikio kali kuliko ninyi wote.

Kabla ya yote, vunja vile vipande viwili vidogo vya plastiki kwenye mgongo wa kaseti, ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Itazame kwa mwanga: mkiona ukungu mweupe juu ya mkanda, au kile kipande cha sufi kinachoukandamiza kimebanduka, ipelekeni kwa fundi wa mambo hayo, msijaribu. Kama ni safi, tafuteni mashine nzuri, msafishe kichwa chake kwa spiriti na pamba, kikauke, mjaribu kwanza na kaseti isiyo na thamani. Unganisheni waya kutoka tundu la vipokea sauti hadi kwenye kompyuta. Kompyuta ianze kurekodi kabla hamjabonyeza kitufe cha kaseti, na msiisimamishe katikati hata mkisikia nini, kwa sababu hiyo inaweza kuwa mara ya mwisho mkanda kukubali. Hifadhini faili la sauti la aina ya WAV bila kulibana na bila kulirekebisha. Marekebisho ya kasi fanyeni kwenye nakala.

Na msisafishe kelele sana. Kuna programu zinazofuta kila kitu kisichokuwa mwimbaji, na vijana wanazipenda. Zitawafutia mlango ukifunguliwa, kiti kikivutwa, na yule mtoto anayekohoa kwa mbali, ambaye pengine ni wewe. Thomas Edison alitengeneza mashine yake ya kunasa sauti mwaka 1877, na mwaka uliofuata aliandika orodha ya matumizi aliyoyatarajia. Muziki haukuwa wa kwanza. Cha kwanza kilikuwa kuandikisha barua. Lakini katika orodha hiyo aliweka kumbukumbu za familia, watu wakisema kwa sauti zao wenyewe, pamoja na maneno ya mwisho ya wanaoaga dunia. Mama yenu hakuhitaji kumsoma Edison. Alibonyeza vitufe viwili, akaimba.

Nakala mtapata tatu zinazolingana, kila mmoja na yake, na moja ya ziada ihifadhiwe nyumba nyingine. Kaseti yenyewe ikae mahali pakavu, pasipo na joto, mbali na spika na sumaku yoyote. Mnaniuliza kwa nani? Kwa yule kati yenu asiye na mashine ya kuichezea. Mwenye mashine hatajizuia.